Shujaa wa Baba alipona mifupa kabla ya kupona moyo

Baba yangu alikuwa na umri wa miaka 14 alipomwona Ari Vatanen kwa sekunde zisizozidi kumi. Sekunde hizo zimelisha mazungumzo ya nyumbani kwetu tangu nilipopata akili.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1983. Yeye na wavulana wenzake walitoka kijijini kwao, upande wa Molo, alfajiri kabla ya jogoo, viazi vya kuchemsha vikiwa mifukoni, wakaenda kungoja magari ya Safari Rally. Siku hizo barabara haikufungwa. Magari ya mashindano yalipita palepale palipopita matatu, ng'ombe na akina mama wa sokoni. Kwanza ilisikika helikopta, kisha mngurumo, kisha mtu akapaza sauti, "Inakuja!" Wote wakakimbilia juu ya ukingo. Opel Ascona nyeupe ikapiga kona kiubavubavu, ikawamwagia matope, ikatoweka.

Baba huapa kwamba dereva aliwatazama. Mama humuuliza aliyaonaje macho ya mtu kwenye matope yale, naye humjibu kwamba yeye hakuwepo.

Vatanen, Mfini aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1981, alishinda Safari mwaka huo pamoja na mwelekezi wake Terry Harryman. Mfini mwenzake Hannu Mikkola alimaliza wa pili na Mfaransa Michèle Mouton wa tatu, wote wakiendesha Audi Quattro ambazo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini. Ascona ilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma pekee. Kwa Baba, jambo hili lilimaliza ubishi wote duniani. Ukimwambia gari fulani ni bora kuliko jingine, atakuuliza, "Na mwaka 1983 ilikuwaje?"

(Gari lenyewe lilipakwa rangi za kampuni ya sigara. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hivyo nimewahi kumweleza Baba maoni yangu kuhusu hilo. Hakunisikiliza.)

Alipokua akawa dereva wa lori, na wenzake wakambandika jina la Vatanen. Lilikuwa jina la mzaha. Baba aliendesha polepole mno, hata matingo wake walikuwa wakishuka kununua mahindi ya kuchoma na kulifikia lori kwa miguu.

Mwaka 2009, nikiwa na miaka 13, lori jingine lililokatika breki lilimgonga kwenye mteremko wa Salgaa. Alivunjika mguu mahali pawili pamoja na mbavu kadhaa, akapasuliwa tumbo kuzuia damu iliyokuwa ikivuja ndani. Alikaa hospitalini wiki sita. Tulisali, tukachanga, jamaa wakaleta kuku na unga. Plasta ilipoondolewa tukafanya karamu ndogo. Mguu ulikuwa umepona. Daktari alisema hivyo, majirani wakasema hivyo, nasi tukaamini mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Baba aliacha kuzungumza. Haikuwa kwa hasira, yalikuwa kama maji yaliyokatwa kwenye mfereji. Chakula alikigusa akakiacha. Usiku wa manane nilikuwa nikitoka kwenda chooni nikimkuta ameketi kwenye kijigoda nje ya jikoni, blanketi mabegani. Akaanza kusema kwamba madaktari waliacha kitu tumboni mwake. Alipigwa picha mara mbili, hakikuonekana chochote. "Mnasema hakuna," alimwambia Mama, "na mimi ninakisikia?"

Shangazi mmoja alisema amerogwa. Mjomba akasema ni uvivu, kwamba ameonja utamu wa kulishwa na mke. Aliyekuwa amemwajiri alituma salamu kwa miezi mitatu, kisha akaandika dereva mwingine.

Nami nilisema langu. Jioni moja nilirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya karo, nikamkuta amejilaza mchana kweupe, nikamuuliza, "Baba, si mguu ulishapona?" Alinitazama kwa muda, akageukia ukutani. Mwaka mzima baada ya hapo sikumbuki kama tulizungumza zaidi ya kusalimiana.

Aliyemwokoa hakuwa mmoja wetu. Mama alimlazimisha aende kituo cha afya kupimwa presha. Muuguzi mmoja, badala ya kumuuliza kuhusu mguu, alimuuliza, "Mzee, unalala?" Baba akalia palepale kwenye benchi. Mama anasema hajawahi kumwona akilia, hata alipomzika mamake. Kutoka hapo akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, akapewa tembe na mtu wa kuzungumza naye kila baada ya wiki mbili. Ilichukua karibu miaka mitatu arudi kuwa Baba tuliyemjua. Lori hakuligusa tena. Alifungua kibanda cha vipuri, na siku aliyomweleza mteja habari za Pasaka ya 1983, Mama alizima redio asikilize.

Miaka ikapita, nikamaliza chuo kikuu, nikaajiriwa gazetini. Siku moja nilipewa kazi ya kuandika kuhusu sonona kwa watu walionusurika ajali za barabarani. Usiku ule, nikitafuta mambo mengine kabisa, nikasoma habari za Vatanen. Nilitaka tu kujua shujaa wa Baba aliishia wapi.

Julai 1985, miaka miwili baada ya kuwamwagia akina Baba matope, Vatanen alikuwa Argentina akiendesha Peugeot. Gari lilipinduka likiwa karibu na kasi ya kilomita 200 kwa saa. Kiti kiling'oka, naye akarushwarushwa ndani. Alivunjika vibaya, akawa ukingoni mwa kifo. Madaktari waliokoa maisha yake, na mifupa ikaanza kuunga. Ndipo akaingia gizani. Mtu ambaye dunia nzima ilimwona hana hofu alizama katika sonona nzito. Alikuwa ameongezewa damu, akashikilia kwamba ameambukizwa Ukimwi. Hakuwa ameambukizwa, lakini hofu hiyo ilikataa kuondoka.

Niliifunga kompyuta nikatoka nje kupunga hewa. Kitu tumboni. Ugonjwa kwenye damu. Tofauti ilikuwa jina tu.

Nikasoma pia kwamba Vatanen alikuwa na miaka minane baba yake alipofariki katika ajali ya gari, na mtoto mwenyewe alikuwamo garini. Na kwamba Januari 1987, kama miezi 18 baada ya Argentina, alishinda mbio za Paris hadi Dakar, ingawa alianza vibaya akawa nyuma ya mamia ya wengine. Alikuja kuzishinda mara nne kwa jumla. Mashabiki hukumbuka Dakar na hukumbuka Safari. Ile miezi 18 katikati huirukwa kama ukurasa ulionatana.

Sikumwambia Baba. Ningeanzia wapi? Nyumbani kwetu kipindi kile kinaitwa "wakati wa mguu", na hakuna anayekigusa. Wakati huohuo nilikuwa nikiwaandikia wasomaji kwamba mtu akikaa wiki mbili au zaidi hana usingizi, hana hamu ya chakula wala ya vitu alivyovipenda, akipelekwe hospitalini kama vile mngempeleka akitoka damu. Nilikuwa nikiandika hayo kwa ujasiri sana.

Juni 2022 nilimpeleka Baba Naivasha kutazama Safari. Ilikuwa imerejea kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka mmoja kabla, na yeye hakuwa ameitazama barabarani tangu ajali. Vumbi lilikuwa jingi kama unga wa posho mill. Kijana Mfini, Kalle Rovanperä, mwenye miaka 21, ndiye aliyeshinda, na Toyota ikachukua nafasi zote nne za kwanza.

Lakini Baba hakuwa hapo kwa ajili ya Toyota. Alikuwa chini ya mgunga na wazee wa rika lake ambao hakuwajua asubuhi ile, wakishindana kukumbuka. Mmoja alisema Mikkola mwaka 1972 ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Mwingine akamleta Juha Kankkunen, aliyekuja mara ya kwanza mwaka 1985 akashinda papo hapo. Baba, bila shaka, akatoa Ascona yake, matope na macho.

"Vatanen yule," mzee mmoja akasema, "hakuwa na woga hata kidogo."

Ikanitoka bila kupanga. "Alikuwa nao, mzee." Nikawaeleza habari za Argentina, damu na giza. Wazee walisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema ajali ni kitu kibaya, wakarudi kwa Kankkunen. Baba hakurudi nao. Alikuwa akichora vumbi kwa ncha ya fimbo yake.

Kwenye matatu ya kurudi nyumbani nilimfungulia filamu fupi kwenye simu, ile ya Vatanen akipanda mlima Pikes Peak huko Marekani mwaka 1988, miaka mitatu baada ya Argentina. Barabara ni ya changarawe, pembeni ni genge tupu. Kwenye kona moja jua linampiga usoni, naye anaondoa mkono mmoja kwenye usukani, anaufanya kivuli cha macho, na gari linaendelea kwa kasi ileile.

Baba aliirudisha nyuma. Kisha, bila kuondoa macho kwenye simu, akauliza, "Miezi mingapi, ulisema?"

"Kama 18."

"Na watoto alikuwa nao?"

"Alikuwa nao. Wadogo."

Alinyamaza mpaka tukapita vibanda vya mbogamboga kando ya barabara. Nilijua nikiacha nafasi hii sitaipata tena.

"Baba, mimi nilikuuliza kama mguu haujapona."

"Nakumbuka," akasema. "Ulikuwa umevaa sweta ya shule yenye tundu kwenye kiwiko. Nilikuwa nimelala nikiwaza nitakununulia na nini nyingine."

Akapeleka kidole chake kwenye kioo cha simu, akaicheza tena. Tulipofika Gilgil alikuwa ameitazama mara tatu, na kila mara aliisimamisha palepale, mkono unapofunika macho.