Theluji Nayo Ina Raha Yake

Kwa mtu aliyezaliwa chini ya milima ya Ruwenzori, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Mawingu yakifunguka asubuhi, weupe huonekana juu ya vilele, kisha hutoweka. Lakini kwa mama aliyehamia Ottawa, mji mkuu wa Kanada, theluji haikai mlimani. Hulala kizingitini, huziba njia ya dukani, na aghalabu haiondoki tangu Desemba mpaka Machi.

Katika mji huo wako wengi waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo. Mgeni wa mwaka wa kwanza huupokea msimu huo kama kifungo. Hutoka kwenda kazini, hurudi mbio, hufunga mlango na kuketi akihesabu siku. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Hodi haisikiki, jirani haonekani. Hapo moyo huanza kunyauka, na mama hudhani kuwa baridi ndiyo inayomdhuru, kumbe ni upweke.

Wenyeji hawana damu ya moto kuliko yeye. Wanajua kuvaa, basi. Nguo ya sufu hukaa karibu na mwili, kwa kuwa pamba ikilowa jasho haikauki upesi, nayo humpoza aliyeivaa. Juu yake huja sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Hewa iliyonaswa baina ya nguo hizo ndiyo inayohifadhi joto. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hushinda zile ambazo kila kidole kina nyumba yake. Masikio yafunikwe, na mtoto ambaye vidole vyake vimekufa ganzi aingizwe ndani mara moja.

Akisha kuvaa hivyo, mama na atoke. Watoto ndio walimu wake wa kwanza, maana wao hawaogopi. Watamwonyesha kwamba katika baridi kali theluji huwa kavu kama unga, haishikani. Lakini siku baridi inapopungua huwa na unyevu kidogo, ikafinyangika kama udongo wa mfinyanzi. Hiyo ndiyo siku ya kuunda sanamu na kutupiana matonge.

Kisha kuna mfereji wa Rideau, uliofunguliwa mwaka 1832 kwa ajili ya vyombo vya majini. Tangu msimu wa 1970 na 1971, maji yake yakigandamana vya kutosha, sehemu ya kilomita 7.8 katikati ya mji hugeuzwa barabara ya kutelezea. Wazee, vijana na watoto huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kwenda wakiteleza. Mgeni huanguka; wapitao humwinua, hucheka naye, na salamu huanzia hapo. Kando ya mfereji huuzwa mikate bapa ya kukaanga, iliyonyunyizwa sukari na mdalasini. Ajuaye andazi hahitaji kufundishwa kuila.

Msimu unapokaribia kwisha, utomvu wa mti uitwao mepo huanza kutiririka. Yapata lita 40 huchemshwa kupata lita moja ya asali yake. Asali hiyo ikizidishiwa moto na kumiminwa juu ya theluji safi, hugeuka peremende laini, ikaviringishwa kijitini na kuliwa papo hapo.

Raha hizi hazina dhamana ya kudumu. Katika msimu wa 2022 na 2023 barafu ya mfereji haikuwa imara, na kwa mara ya kwanza barabara ile haikufunguliwa kabisa. Aliyesema atateleza mwaka ujao alibaki na viatu vyake mkononi.

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Theluji ni kinyume chake: huvaliwa nguo. Lakini aliyekwisha kuivalia naye hana budi kutoka, aicheze pamoja na wenzake.