Cheni Ndiyo Inayobeba

Watu wakiiona baiskeli yangu ya umeme ya milimani huuliza habari za betri. Inakaa saa ngapi? Inachajiwa wapi? Hakuna anayeuliza habari za cheni, na cheni ndiyo inayonilia hela.

Mota yake imekaa katikati, pale kwenye pedali. Nguvu ya mota na ya miguu yangu zinakutana hapo, kisha zote zinapita kwenye cheni moja nyembamba hadi gurudumu la nyuma. Mguu ukichoka unalegeza. Mota haichoki, kwa hiyo cheni haipati nafuu.

Kwangu hili si suala la mchezo tu. Nina goti bovu. Bila mota, njia za kupanda miteremko ya Meru ningeziangalia kutoka barazani. Lakini cheni iliyolika huruka meno pale pale unapokanyaga kwa nguvu zaidi, yaani katikati ya mlima. Pedali inaporomoka ghafla, na goti ndilo linalopokea kishindo.

Vitabu vyetu huiita mnyororo. Mimi nikisikia mnyororo nawaza wafungwa na watumwa, kitu cha kumzuia mtu asiende. Kijana anayenitengenezea, fundi pikipiki kwa kazi yake, husema cheni, na ninamfuata yeye.

"Mwalimu," aliniambia, "cheni haivutiki kama mpira. Inalika ndani, kwenye vipini." Akachukua rula. Pingili 24 za cheni mpya, kutoka kipini hadi kipini, zina milimita 304.8. Kwa baiskeli ya gia 12 kama yangu, zikikaribia 306.3 unabadilisha. Tofauti ni milimita moja na nusu tu! Ukiiacha, cheni ile ndefu inaanza kuchonga meno ya nyuma yafanane nayo, na hapo utanunua vyote viwili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sijawahi kuona methali hiyo ikipimwa kwa rula.

Adui mwingine ni vumbi. Likishikana na oili linakuwa kama msasa. Basi kila Jumamosi ninasugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, nafuta, naacha ikauke, natia tone moja kila pingili, kisha nafuta oili yote iliyobaki nje. Inayotakiwa ni ile iliyoingia ndani. Na njiani, kabla ya kubadili gia, nalegeza mguu kidogo ili mota nayo ilegee. Ukibadilisha huku mota inasukuma, utasikia "kra!", na kila "kra" ina bei yake.

Meno ya nyuma yalipokwisha, ikabidi kuchagua. Gia 12 tena, nyepesi, au chache na nene zaidi? Watengenezaji wenyewe walishaliona tatizo. SRAM walitoa EX1 mwaka 2016, gia 8 tu, kwa ajili ya baiskeli za umeme. Shimano wakaja na Linkglide mwaka 2021, meno manene, wakasema inadumu mara tatu zaidi. Tatizo ni kwamba Linkglide haikubaliani na vifaa vya gia 12: unabadilisha pia kibadilishio cha mkononi na mkono wa nyuma unaohamisha cheni. Na vyote hivyo navisubiri kutoka nje.

Nilimwuliza fundi uzito utanisumbua vipi. Akacheka. "Shikamoo yako mwalimu, lakini anayebeba ni mota. Wewe unataka kufika au unataka mashindano?"

Nilitaka kufika. Nikachukua Linkglide ya gia 11, meno 11 hadi 50. Imeongeza uzito, na hatua kati ya gia na gia zimekuwa pana kidogo, tambarare nazisikia. Mlimani cheni inashika, goti limetulia, na ile gia ya kumi na mbili sijaikumbuka bado.