Vioo vya Buluu vya Mainz



Ndugu wasomaji, miongoni mwetu tukaao huku Ujerumani wapo wazazi waliokataa kutia saini karatasi ya ruhusa, watoto wao wapelekwe na shule kulitazama kanisa la St. Stephan mjini Mainz. Hoja yao ni kwamba mtoto wa Kiislamu hana haja kanisani. Hoja hiyo hatuibezi, kwani imetoka katika kuilinda dini. Lakini sisi tulisomesha historia kwa miaka mingi, na twaomba tusikilizwe kidogo juu ya kile hasa ambacho watoto wanakwenda kukitazama.

Kanisa hilo lilibomolewa na mabomu ya Vita Vikuu vya Pili, kisha likajengwa upya. Mwaka 1973 padre wake, Klaus Mayer, alimwandikia barua mchoraji Marc Chagall kumwomba atengeneze vioo vya rangi vya madirisha. Chagall alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk, 1887, aliyehamia Ufaransa na akalazimika kukimbilia Marekani mwaka 1941 kwa kuwahofu Wanazi. Basi Mjerumani anamwomba Myahudi alipambe kanisa lake, na tena kanisa la Mainz! Katika mji huo Wayahudi waliuawa kwa mamia mwaka 1096 na watu wa Vita vya Msalaba, wale wale ambao wenzao walifika Baitul Muqaddas miaka mitatu baadaye na kuwachinja Waislamu na Wayahudi pamoja. Mwezi Novemba 1938 sinagogi lao kuu likachomwa moto, na waliosalia wakaja kusafirishwa kwenda kuuawa.

Sanaa ya makanisa nayo ilikuwa na sehemu yake katika uadui huo. Katika kanisa kuu la Strasbourg, karne ya 13, walichongwa wanawake wawili wa mawe. Mmoja ni Kanisa, naye amevaa taji. Wa pili ni dini ya Kiyahudi, amefungwa kitambaa machoni na mkuki wake umevunjika. Asiyejua kusoma aliyaona hayo kila alipopita mlangoni, na somo likamwingia. Ilipofika mwaka 1965 ndipo Mtaguso wa Vatikano ulipotamka kwamba Wayahudi wasibebeshwe wote lawama ya kifo cha Nabii Isa kama wasemavyo Wakristo (sisi tuna kauli yetu katika jambo hilo). Tamko lilo hilo liliwataja Waislamu kwa heshima, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuambiwa.

Padre Mayer mwenyewe alikuwa na baba wa asili ya Kiyahudi, na utawala wa Wanazi ulimhesabu kuwa nusu Myahudi. Alijua anachokiomba. Chagall hakukubali upesi. Dirisha la kwanza liliwekwa mwaka 1978, mzee akiwa na miaka 91. Yakafika tisa, na la mwisho alilimaliza muda mfupi kabla ya kufariki, Machi 1985. Mainz kwenyewe hakufika hata mara moja. Vioo vilitengenezwa Reims, Ufaransa, pamoja na fundi Charles Marq. Kioo cheupe huvikwa utando wa rangi, kisha utando huo huliwa na tindikali pale panapotakiwa mwanga zaidi. Mchoraji hupita na brashi ya wino mweusi, kioo hutiwa tanuri, na mwishowe vipande hushikizwa kwa risasi.

Rangi iliyotawala ni buluu. Ukiingia asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki, hata sakafu na nguzo huwa kama ziko chini ya maji. Na katika dirisha la kati utamkuta nani? Nabii Ibrahim akiwakaribisha wageni wake watatu. Ibrahim akiwaombea watu wa mji wa Lut. Yaakub na ndoto yake. Musa na mbao za Sheria. Mwenye kuisoma Surat Hud atawatambua wageni wale, na maombezi yale, kabla Mjerumani hajamweleza.

Kuchora Mitume sisi hatukuruhusiwa, na mtoto aambiwe hivyo kabla ya kutoka nyumbani. Kutazama si kuabudu.

Liko na neno zito zaidi, lililosemwa barazani kwetu: Tuwasikitikie Wayahudi wa Mainz, na Gaza je? Sisi twalia na watu wa Gaza kama mlivyo nyinyi. Lakini bibi kizee aliyetolewa nyumbani kwake kando ya mto Rhein akapakiwa garimoshini hakumdhulumu Mpalestina yeyote. Mtoto asiyeelezwa habari yake atakuja kuisikia kwa mtu mwenye chuki, naye ataamini. Mwaka 2019, mjini Halle, mtu mwenye silaha alijaribu kuvunja mlango wa sinagogi. Aliposhindwa aliua mpita njia, kisha akaenda kuua kwenye duka la kababu. Kwake yeye Myahudi na Mwislamu walikuwa fungu moja.

Wazazi wanaotaka kujionea kwanza wachukue treni hadi Mainz, kisha wapande kilima kwa miguu. Jumapili asubuhi wenyewe wana ibada. Siku nyingine ni bora.