Kitonga Tunapandaje?

Wadau, safari ya Dar kwenda Iringa imeiva. Pikipiki 9, kundi la WhatsApp limejaa meseji, na karibu zote ni nani atarusha droni na nyama choma tutakula wapi. Mlima Kitonga hakuna aliyeugusa.

Nikauliza mimi: pale nani anatangulia? Jamaa mmoja, jina kapuni, ana chuma kikubwa na wafuasi wa kutosha Insta, akajibu, "Kila mtu apande kwa mwendo wake, tukutane juu." Watu wakacheka mpaka basi.

Mimi sikucheka. Mwendo wangu ni wa cc 125. Ile ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo. Yanapanda kwa kutambaa, moja likizima kwenye kona foleni inaganda, halafu nyuma yako kuna basi lenye haraka zake. Mwaka jana niliwafukuzia wenzangu hapohapo, nikaovateki lori kabla ya kona. Likatokea jingine linashuka. Nilipita katikati yao, kioo cha kulia kikabaki barabarani.

Kundi niliwaambia kioo kiliibiwa. Mama watoto naye anajua hivyohivyo.

Juzi usiku nikaandika ukweli wote kundini. Kimya, tiki za bluu tu. Baadaye yule jamaa akanipigia: "Mwanangu, wewe utakaa wa pili, nyuma ya kiongozi. Mimi nakaa mwisho kabisa. Na hakuna kuovateki kwenye kona."

Tunaondoka Ijumaa alfajiri. Leo jioni naongea na mama watoto, kabla hajasoma hapa.