Vipande Sitini na Kimoja

Mwalimu mwenzangu, ambaye nilifundisha naye kwa miaka kumi na tisa, hakupenda kuyaandika mashairi yake. Yeye alifundisha Jiografia na mimi Kiswahili, lakini ukija upande wa utunzi, mwanafunzi nilikuwa mimi. Alitunga akitembea, akayahifadhi kichwani na kuyaghani alipoombwa. Nilipomsihi ayaweke kwenye daftari alinijibu kwamba daftari halina koo.

Basi nikaona nimtafutie kitu chenye koo. Nilikuwa nimestaafu na nilikuwa na kompyuta mpakato iliyokwishatumika. Kijana wa jirani aliniwekea Audacity, programu ya kurekodi ambayo haiuzwi, iliyoanza kubuniwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Nilinunua kipaza sauti cha bei ndogo, nikakifunga kwa mpira juu ya kopo la chaki, nikajifunza polepole. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupandisha sauti mno: mawimbi yakagonga ukingo wa juu na wa chini yakakatwa vichwa, na sauti ikakwaruza kama redio yenye betri zilizochoka. Sauti iliyokatwa hivyo hairudi. Nilijifunza kuacha nafasi juu ya wimbi, kama unavyoacha nafasi mdomoni mwa mtungi.

Mwezi wa nne mwaka 2017 rafiki yangu alikuja kwangu hapa Kiabakari, akaketi chini ya bati langu, akaghani shairi alilomtungia baba yake. Baba huyo alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa hapa kwetu, ule uliofungwa miaka ya 1960. Shairi lilikuwa na beti tisa, mistari minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mstari, na kituo hiki:

Baba umeshuka chini, huku juu yupo nani?

Aliuvuta kila mstari kwa takriban sekunde tisa. Alipofika ubeti wa tano mvua ikaanza. Alinitazama kama anayeuliza aache au aendelee, nikamwashiria aendelee. Ubeti wa tisa aliumaliza akipambana na bati.

Ile mvua ilinikera. Nilitaka sauti safi kama zile za vipindi vya mashairi vya Radio Tanzania Dar es Salaam, tulivyovisikiliza tukiwa chuo cha ualimu. Audacity ina njia ya kupunguza kelele: unaichagulia sekunde chache ambamo hakuna anayesema, inajifunza mlio uliomo, kisha inautoa mlio huo katika rekodi nzima. Nikaichagulia mvua tupu, nikaiamuru. Mvua ikapungua kweli, nami nikafurahi, nikahifadhi, nikafunga.

Wiki iliyofuata nilisikiliza kwa makini. Katika ubeti wa pili rafiki yangu alikuwa ameghani hivi kuhusu mgodi:

hewa nzito yenye hari

Sasa kompyuta yangu ilikuwa ikisema “ewa nzito yenye ari”. Sisi watu wa Mara tumezoea kuchekwa kwa sababu ya r na l, na nimechapa mistari mingi ubaoni kwa ajili ya herufi hizo mbili. Lakini h hatujawahi kushitakiwa nayo. Nikatafuta sababu, na sababu ni hii: h ni pumzi tupu. Haina mlio wa koo. Ni hewa ikipita. Jamaa zake, f na s na sh, nazo ni hewa inayobanwa. Mvua juu ya bati nayo, kwa sikio la programu, ni hewa ya namna hiyohiyo iliyotawanyika kuanzia chini hadi juu. Programu haijui Kiswahili. Inapima tu, na kilichofanana na mvua kikaenda na mvua. Kwa hiyo mchimbaji aliyekuwa akitokwa jasho kwa hari akageuka mchimbaji mwenye ari, na kina cha mwisho kikabaki palepale, kwa hiyo hata sikio la mshairi lisingeshtuka haraka. Mimi nilishtuka kwa kuwa nilikuwapo.

Nilikusudia kurudia kazi ile. Sikurudia. Mstaafu husema ana muda, na hapo ndipo muda humpotea.

Mwaka uliofuata kompyuta ikawa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini ili aifute na kuiwekea mfumo upya. Aliniuliza, “Mwalimu, vitu vyako umevihifadhi?” Nikamjibu kwa fahari kuwa vyote vipo kwenye flashi. Nilikuwa nimenakili faili lenye jina la shairi, nikaona lipo, nikatulia. Sikujua kwamba katika matoleo ya zamani ya Audacity faili lile halina sauti hata chembe. Sauti hukaa katika folda ya pembeni, imekatwakatwa vipande vya takriban sekunde sita kila kimoja, na faili dogo linaeleza tu mpangilio wake. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliviweka vyote katika faili moja, na naamini si mimi peke yangu niliyelifanya hitaji hilo liwepo.

Rafiki yangu alifariki dunia. Baada ya maziko shemeji yangu aliniita kando, akaniambia, “Shemeji, ile sauti uliyomchukua, siku ya kumaliza matanga tungeisikia.” Nikamwambia ipo.

Usiku ule nilichomeka flashi. Programu ikaniarifu kuwa haioni vipande. Nikalifungua faili kama maandishi ya kawaida: kilobaiti chache tu, na ndani yake orodha ya majina ya ajabuajabu sitini na moja, kila jina na tarakimu zake. Nililitazama kama daftari la mahudhurio la darasa ambalo wanafunzi wake wote wamehama. Sikulala.

Asubuhi nilimwendea yule kijana wa jirani. “Shikamoo, Mwalimu,” akanipokea, na kabla sijamaliza kueleza akashika kichwa. Alinieleza jambo ambalo sikulijua: kufuta diski kwa njia ya haraka hakuondoi yaliyomo, kunaondoa kumbukumbu ya mahali yalipo, na yaliyomo hubaki mpaka yaandikiwe juu. Akanikataza kuiwasha tena mashine. Akaichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake na kutumia PhotoRec, programu nyingine isiyouzwa, inayopekua diski nzima ikitafuta mafaili kwa sura yake ya ndani. Ilifanya kazi hadi jioni, ikaleta vipande vya sauti 143. Havikuwa na majina yao ya awali wala tarehe. Vilikuwa na namba tu, kwa kufuata mahali vilipookotwa kwenye diski, na diski haiweki vitu kwa mpangilio wa beti.

Humo kulikuwa na majaribio yangu ya “moja, mbili, tatu”, kikohozi changu, na jogoo. Kulikuwa na vipande vilivyosafishwa na pia, kwa bahati, vile vya mwanzo vyenye mvua, ambavyo Audacity ilikuwa imevifuta kimyakimya nilipofunga. Kijana akasema, “Hapo Mwalimu mimi nimefika mwisho. Kupanga, siwezi. Sijui alikuwa anasema nini.”

Kupanga nilikuwa naweza. Nilivitenga kwanza vile ambavyo si vyake. Kisha nikachukua karatasi, na kwa kila kipande nikaandika nilichokisikia, hata kama ni silabi tatu na pumzi. Kipande cha sekunde sita hakifiki hata mstari mmoja wa mtu anayeghani kwa utulivu, lakini mara nyingi hubeba kina kimoja, cha kati au cha mwisho. Kilicho na -to katikati na -ri mwishoni kikaenda kwenye rundo la ubeti wa hewa nzito. Chenye -wa na -shi kikaenda rundo jingine. Pale kipande kilipokatwa katikati ya neno nilitafuta nusu ya pili: kimoja kiliishia “ma-” na kingine kikaanza “-chimbo”, nikawaunganisha kama ndugu waliopotezana sokoni. Nilipohisi kuna kinachokosekana nilihesabu mizani kwa vidole. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 hakuwa akiwafikiria waliofutiwa diski, lakini usiku ule nilimwombea rehema mara kadhaa.

Niseme hapa jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, nilimfundisha darasani kwa mapenzi, na Kichomi chake cha mwaka 1974 ninacho hadi leo. Lakini lau rafiki yangu angekuwa mtunzi wa mashairi huru, ningevirudisha vile vipande kwa kijana, nikaenda kumwomba shemeji radhi.

Kwa siku nne mambo yalikwenda. Kisha vina vikaniishia. Vina hukusanya mistari ya ubeti mmoja, lakini havisemi ubeti upi umetangulia upi, kwa sababu kila ubeti huishia kwenye kituo na kituo ni kilekile. Nilikuwa na marundo tisa yaliyopangika ndani yake, na vipande kadhaa vyenye maneno ya kituo matupu, vimekatwa karibu mahali pamoja, ambavyo vingeweza kuingia popote. Visa vya ndani ya shairi vilinisaidia kiasi: baba huondoka kabla hajarudi. Ila beti za katikati zilikuwa za maombolezo, na maombolezo hayana saa.

Nilikuwa nimevaa visikizio, nimechoka, nikarudia vituo viwili mfululizo kutoka katika vipande visivyosafishwa. Kimoja kilikuwa na matone ya kuhesabika juu ya bati. Kingine kilikuwa na mvua kamili. Nikavitoa visikizio, nikanyamaza kidogo, nikavivaa tena.

Mvua ilikuwa imeanza ubeti wa tano na haikupungua mpaka mwisho. Nikaanza kupanga kwa mvua. Bati kavu: beti nne za kwanza. Matone: wa tano. Kisha mchirizi wa maji kwenye pipa langu la nje, ambao nilikuwa sijawahi kuutambua, ulianza kusikika na kubadilika mlio kadiri pipa lilivyojaa. Kwa beti nne kavu nilitegemea koo lake, lililokuwa likilainika kadiri alivyoendelea, na pikipiki moja iliyopita barabarani mwishoni mwa ubeti wa tatu na kufifia mwanzoni mwa wa nne. Vile vipande nilivyovisafisha kwa fahari havikunifaa kwa lolote katika kazi hii. Havikuwa na saa ndani yake, na h zilikuwa zimeondoka.

(Miezi kadhaa baadaye nilikuja kusoma kuwa zile tarakimu kwenye daftari la mahudhurio huonyesha, pamoja na mengine, kilele cha sauti cha kila kipande. Ningezitumia ningepunguza usiku mmoja au miwili. Mnaorekodi, mlijue hilo. Na kubwa zaidi, mkimaliza kurekodi, toeni nakala ya WAV papo hapo, ndipo mcheze na kingine.)

Mwishowe rekodi ilikamilika isipokuwa mashimo matatu. Mawili niliyaziba kwa vipande vilivyosafishwa, ambamo rafiki yangu anakosa h mara mbili. Nimeyaacha hivyo na nimeyaandika pembeni. Shimo la tatu lilikuwa katika ubeti wa saba, mstari wa pili, karibu utao wote. Si cha mvua wala kilichosafishwa. Kipande kimeandikiwa juu na mfumo mpya. Nilijua mizani nane zilizokuwa zikihitajika na nilijua kina. Siku moja nzima nilitunga utao wa kuziba, nikapata mitatu, mmoja mzuri kuliko ninavyostahili. Sauti yangu na yake, watu walizoea kuzichanganya kwenye simu. Nilirekodi hata. Nilipousikiliza ukiwa mahali pake ulikaa vizuri sana, nikaufuta, nikaweka ukimya wa sekunde sita.

Siku ya matanga tuliweka spika juu ya meza chini ya mwembe. Watoto walicheka kusikia mvua mchana wa jua. Tulipofika ubeti wa saba sauti ikakatika, mvua nayo ikakatika, kisha vyote vikarudi. Shemeji akaniinamia.

“Hapo alinyamaza kunywa maji?”

“Hapana, shemeji. Hapo nimempoteza mimi.”

Alikaa mpaka kituo cha mwisho kikaisha. Kisha akamwambia binti yake airudishe pale mvua inapoanza.