Matege ya Shosho

Shosho ana matege. Tukiwa watoto tulikuwa tunapita katikati ya magoti yake tukicheka, naye anacheka pia. Mimi pia ninayo, ndiyo maana sivai kaptula.

Miaka mingi ya kubeba viazi kutoka Bahati mpaka Soko la Wakulima, Nakuru, ilimaliza goti lake la kushoto. Gegedu lilisagika, mfupa ukawa unakwaruza mfupa. Tulichanga, akawekewa goti bandia. Baada ya upasuaji daktari alituonyesha eksirei: kutoka nyonga, katikati ya goti, hadi kifundo cha mguu, mstari mmoja kama rula. Nilituma picha kwa grupu ya familia. Kusema kweli, nilifurahia huo unyoofu kuliko kitu kingine chochote.

Miezi sita baadaye Shosho akaniambia, "Mguu umenyooka, lakini si wangu." Nikadhani ni uzee.

Kisha nikaanza kusoma. Kwa miongo mingi madaktari wamelenga mstari huo, wasiukose kwa zaidi ya nyuzi 3, wakihofia goti bandia litalika upande mmoja kama tairi la gari ambalo magurudumu yake hayajapangwa sawa. Ila mwaka 2010, watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya magoti 398: baada ya miaka 15, yaliyonyooka hayakuwa yamedumu kuliko yaliyopinda kidogo. Mwaka 2012, Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walipima vijana wasio na ugonjwa wa magoti. Karibu thuluthi ya wanaume walikuwa na matege ya nyuzi 3 au zaidi. Kumbe kwa wengi wetu matege si kasoro. Ndivyo tulivyo.

Leo wapo madaktari wanaopendelea kurudisha mguu ulivyokuwa kabla ya kuchakaa. Mjadala haujaisha, na siwezi kuapa kwamba ule mstari ndio uliomnyima Shosho raha. Karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika na goti jipya, hata eksirei ikiwa safi.

Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemuuliza anataka mguu wa aina gani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjibia.

Sasa goti la kulia linafuata. Juzi nilimuuliza. Akavuta kutoka chini ya godoro picha yake ya usichana, amesimama shambani, gauni fupi, matege yote nje.

"Mpelekee daktari hii," akasema. "Mwambie nataka huo."