Kabla ya reli ya Kamina

Kwa muda mrefu waumini wengi wa Kamina, mji wa Katanga nchini Kongo, walihesabu umri wa Ukristo kwa reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na katika miaka hiyohiyo mapadri Wafransisko kutoka Ubelgiji walikuwa wakifungua misioni zao katika nchi ya Waluba. Mwalimu mmoja wa historia, ambaye sasa amestaafu, aliwafundisha wanafunzi wake kwa mpangilio huo: mmisionari Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, wamisionari Burton na Salter wakaanza kazi Mwanza ya Katanga mwaka 1915, kisha wakaja wengine. Tarehe zote zilikuwa sahihi. Lakini mtoto alitoka darasani akiamini kwamba dini yake ni kitu cha juzi, na kwamba Mwafrika aliingia kanisani akiwa wa mwisho.

Mke wake, mshonaji na kiongozi wa akina mama parokiani, aliamini vivyo hivyo. Wote wawili walizaliwa katika nyumba za Jamaa, lile kundi lililoanza upande wa Kolwezi katika miaka ya 1950 kutokana na mafundisho ya padri Placide Tempels, mwandishi wa kitabu cha falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945. Katika Jamaa mume na mke hufundishwa pamoja, husali pamoja, hutembelea wengine pamoja, na kila mmoja huitwa baba au mama. Desturi hiyo ya kwenda wawili ndiyo iliyowabana baadaye, mbali sana na Katanga.

Watoto walipochanga pesa kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao, wazo la kwanza lilikuwa Roma. Makaratasi ya viza ya Ulaya yaliwachosha mapema. Binti yao anayeishi Lubumbashi ndiye aliyesema, “Papa, kwa nini musiende Ethiopia?” Tangu Novemba 2018 nchi hiyo ilikuwa inawapa Waafrika viza wanapofika uwanja wa ndege, na kulikuwa na ndege kutoka Lubumbashi hadi Addis Ababa. Basi mwezi wa Februari 2019 wakaondoka, kila mmoja na kadi yake ya njano ya chanjo, na mama akiwa na vitenge vizito kwa sababu aliambiwa kule juu kuna baridi.

Mji wa kale wa Aksum uliwashangaza kwanza kwa mawe. Nguzo kubwa kuliko zote, yenye urefu wa mita 33 hivi, imelala chini vipandevipande. Nyingine, ya mita 24, ilichukuliwa na Waitalia mwaka 1937 ikasimamishwa Roma. Ilirudishwa mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Mwalimu alisimama mbele yake muda mrefu. Mtu wa Haut-Lomami, jimbo la Kamina, anaelewa upesi habari ya vitu vya kale vilivyosafirishwa kwenda Ulaya, maana vyombo vya makaburini vya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, vingine viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Ila kitu kilichombadilisha kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba. Ilikuwa ni sarafu. Mfalme Ezana, aliyetawala Aksum katika karne ya 4, kwanza alitoa sarafu zenye alama ya mwezi mwandamo na duara, alama ya dini ya zamani. Kisha alama hiyo ikaondolewa, na mahali pake ukawekwa msalaba. Huhitaji mhubiri akueleze: uongofu wa mfalme umechongwa kwenye pesa yake mwenyewe. Aliyemleta kwenye imani ni Frumentius, kijana wa Tiro aliyekamatwa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu baada ya chombo chake kushambuliwa, akalelewa katika jumba la mfalme, na baadaye akawekwa kuwa askofu na Athanasio wa Alexandria.

Usiku ule, hotelini, mwalimu alipiga hesabu kwenye daftari. Mfalme Clovis, ambaye baba yake alizikwa Tournai katika Ubelgiji ya leo, alibatizwa karibu na mwaka 500. Ezana alimtangulia kwa zaidi ya karne moja. Wale mapadri waliokuja Kamina walitoka katika nchi iliyobatizwa baada ya Aksum. Na katika ufalme wa Kongo, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, miaka karibu mia nne kabla ya Arnot kuiona Bunkeya. Hayo yote yalikuwa kwenye vitabu, na mwalimu aliyajua moja moja. Hakuwahi kuyaweka kwenye mstari mmoja.

Siku iliyofuata ilikuwa na uchungu wake. Kanisa la zamani la Maria wa Sayuni, lililojengwa upya na Fasilides katika karne ya 17, haliruhusu wanawake kuingia. Mama aliambiwa abaki nje. Mlinzi alimkaribisha mume kwa heshima zote, lakini mume akakataa: “Kama mama haingii, na mimi siingii.” Wakaenda wote wawili kwenye kanisa jipya lililo karibu, lile lililojengwa wakati wa Haile Selassie, ambalo liko wazi kwa kila mtu. Mama hajaacha kulisema jambo hilo, na ana haki. Ukale wa desturi hauifanyi ikose kuumiza.

Lalibela wakapanda taratibu, maana mji uko karibu mita 2,500 juu ya bahari na pumzi za watu wa Kamina hazikuzoea. Kuna makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, kazi inayohesabiwa kuwa ya mfalme Lalibela, kwenye mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Bete Giyorgis liko ndani ya shimo. Unasimama ukingoni na kuona paa lenye umbo la msalaba chini ya miguu yako. Mafundi walianza juu wakaenda chini, wakitoa mawe, bila kuongeza tofali hata moja.

Alfajiri mama akasikia ngoma. Waimbaji waliovaa nguo nyeupe walisimama na fimbo zao, wakipiga ngoma kubwa na kutikisa kayamba za chuma, wakisogea mbele na kurudi nyuma. Katika utoto wa mama yake mzazi, ngoma ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya kanisa. Na hapa walikuwa wakiipiga mbele ya madhabahu bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Mama akamwambia mume wake kwamba Kamina nayo iliwahi kufanya hivyo mapema, kabla ya wengi.

Alikuwa sahihi kabisa. Missa Luba ilizaliwa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliunda kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na misa hiyo, yenye maneno ya Kilatini na sauti na ngoma za Kiluba, iliimbwa katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilikwenda kuimba Ulaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa, na Roma ilikubali rasmi ibada ya misa ya Zaire mwaka 1988 tu, miaka 30 baadaye.

Tangu warudi, mwalimu akialikwa kuzungumza na vijana wa parokia haanzi tena na reli. Anaanza na Frumentius, anafika Mbanza Kongo kwa Nzinga a Nkuwu, ndipo anakuja Bunkeya na Mwanza. Halafu anawapeleka Sanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale, Nenquin mwaka 1957 na de Maret katika miaka ya 1970, walikuta wafu waliozikwa na misalaba ya shaba. Haikuwa misalaba ya Kikristo, naye hulisema hilo waziwazi. Ilikuwa mali, na karne baada ya karne ikazidi kuwa midogo hadi ikatumika kama pesa. Vijana wengi hawajui kwamba mambo hayo yalipatikana katika jimbo lao wenyewe.

Mama ana ombi lake, na linafaa kusikilizwa na maaskofu, walimu na redio za Kamina. Wavulana walioimba mwaka 1958, kama wako hai, ni wazee sasa. Watafuteni, muwaketishe, muwarekodi mwaka huu.